BWANA MSA YUPO HATA UANI KWETU

Wiki hii naomba tuwaweke kando mademu na masela, tuongee habari ya mzee mmoja mvuta kiko. Anaitwa Bwana Msa.

Kama humjui, ujue umepitwa, mshikaji wangu. Huyu ni mpelelezi wa kwenye vitabu vya marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mzee Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa afya, baadaye akaingia kwenye magazeti. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishika namba moja kwenye shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Zikafuata nyingine kama Kisima cha Giningi (1968), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Mwenyewe alituaga mwaka 1991.

Sasa utamu uko wapi? Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa bastola na viwanja vya ndege. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye moto chini. Bwana Msa hana haraka. Polisi hawamlipi, Inspekta Seif ndiye mwenye kazi yake. Yeye ni muungwana tu wa Unguja ya kabla ya Mapinduzi, ana kiko chake na rafiki yake Najum, kama vile Sherlock Holmes wa Uingereza alivyokuwa na Watson wake. Watu wakisema mzimu umeua, yeye anauliza maswali. Basi! Anauliza, anasikiliza, anauliza tena.

Mimi hivyo vitabu nimevisoma mpaka majalada yamechanika. Pale kijiweni Mwananyamala nikianza kusimulia, washkaji wanasahau hata kahawa. Nilijiona mpelelezi kamili. Kumbe nazuga tu!

Nikupe mkasa. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, uani ni kwa wote. Mmoja wa wapangaji, mama mtu mzima, ndiye kijumbe wa mchezo wa akina mama 18, kila mmoja elfu kumi. Jumamosi moja asubuhi tukasikia ukunga. Laki na themanini hazipo chini ya godoro!

Asubuhi ile mgeni aliyeingia uani alikuwa mmoja tu, yule dogo anayetuletea maji kwa mkokoteni. Alibeba madumu mawili mpaka mlangoni kwa Mama Kijumbe, akaondoka. Hakuna aliyeuliza la pili. Tukamfuata, tukamrudisha amekunjwa shati. Mmoja anataka tukamlete mganga apige ramli, mwingine ameshashika mwiko wa ugali. Na mimi msomaji wa Bwana Msa? Sio siri, kofi la kwanza lilikuwa langu.

Wewe unajua neno "mwizi" likishapigwa kelele mitaa yetu linaishia wapi. Getini watu walishaanza kujaa, na wanaokuja hawaulizi ameiba nini.

Hapo ndipo akatoka mzee wa chumba cha mwisho, fundi cherehani mstaafu, miwani yake imefungwa uzi. Kitabu cha Bwana Msa hajawahi kukishika maishani. Akafunga geti kwanza, akaweka kigoda chake katikati ya uani, akakaa.

"Mwanangu," akamwambia Mama Kijumbe, "hela hizo mara ya mwisho kuziona kwa macho yako ni lini?"

"Jana usiku, baba. Nilipokea ya mwisho pale mlangoni, nikazihesabu zote, nikazifunga."

"Ukazifunga wapi?"

"Kwenye pindo la kanga. Halafu nikaziweka chini ya godoro."

"Taa ilikuwapo?"

"Umeme si ulikatika? Nikalala zangu."

"Unakumbuka kuziweka, au kila wiki huwa unaziweka hapo?"

Mama akanyamaza. Uani pote kimya, unasikia mpaka kuku akiparura.

"Na kanga yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Nadhani umeshashtuka. Kanga ilikuwa kwenye beseni, chini ya mashuka, imelowekwa na sabuni ya unga tangu alfajiri. Pindo limefungwa vilevile. Zikatoka noti 18, hazipungui hata moja, zikaanikwa kwenye kamba pamoja na nguo za watoto.

Watu wakacheka mpaka machozi. Dogo hakucheka. Alijifuta damu mdomoni, akaokota madumu yake. Tulimchangia hela, akakataa. Nikamwambia nisamehe mdogo wangu, akasema sawa bro, lakini hakuniangalia. Mpaka leo maji anapeleka nyumba ya pili, kwetu anapita tu.

Jioni nikamfuata mzee. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza aliwezaje. Akasema ameshona nguo za watu zaidi ya miaka 30, na kila siku kuna mteja anayeapa kitambaa chake kimeibwa, kumbe kakisahau nyumbani. "Mtu anayeapa siyo mwongo," akasema. "Anasimulia mazoea yake, anadhani ni kumbukumbu."

Nikarudi chumbani, nikakiangalia kile kitabu changu kilichochanika. Kinanisuta mpaka leo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, Bwana Msa msome, ni burudani ya nguvu. Ila siku uani kwenu kukipotea kitu, kabla mkono haujanyanyuka, kaa kigodani. Uliza swali moja. Halafu uliza la pili.

Na kama una kanga imelowekwa, kaikague kwanza! Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.