Pemba imetufundisha: chanjo ya mbwa isiachwe



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kuhusu kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wetu huukumbuka mtu anapokuwa ameshang'atwa.

Kisiwa cha Pemba kinatupa somo. Kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliufuta ugonjwa huo kisiwani mwaka 2014. Lakini mwaka 2016 ulirudi. Wataalamu walipochunguza virusi waliona kuwa vilitoka Bara, tena viliingia mara mbili. Mbwa haogelei kutoka Tanga hadi Wete. Huvushwa na binadamu chomboni. Ikabidi mbwa wachanjwe upya, na mwaka 2018 ugonjwa ukatoweka tena.

Hapa tunajifunza kuwa ugonjwa kutoonekana si sababu ya kuacha chanjo. Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, nasi tukumbuke kuwa kila mwaka waliochanjwa hufa na watoto wa mbwa huzaliwa bila kinga. Tukiruka mwaka mmoja, pengo linafunguka.

Wapo wanaosema dawa ni risasi. Sikubaliani nao. Mbwa wengi wa vijijini wana wenyewe, na anayeuawa leo huenda ndiye aliyechanjwa jana. Nafasi yake huchukuliwa na mwingine asiye na kinga yoyote.

Gharama nayo tuipime. Sindano moja ya mbwa ni nafuu mno kuliko sindano kadhaa za mtu aliyeng'atwa, ambaye pengine atauza mbuzi ili apate nauli ya kwenda hospitali. Na dalili zikishaanza, kupona hakupo ila kwa nadra sana.

Kwa hiyo nashauri chanjo itolewe kila mwaka bila malipo, hata wilaya ambazo ugonjwa haujaonekana, na mbwa asipandishwe chomboni bila cheti cha chanjo. Sisi wafugaji nasi tusiwaachie watoto kazi ya kuwaburuta mbwa kwa kamba hadi kituoni. Twende wenyewe, na paka tuwabebe, maana nao huambukizwa. Atakayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa ugonjwa huu utokanao na mbwa. Pemba imeonyesha kuwa inawezekana. Kinga ni bora kuliko tiba.

Mfugaji,
Tanga.