Vidonge vya Majira Visitolewe Bila Kupima Presha

Askari wa Jebel apokeapo mshahara hukabidhiwa na mkewe orodha ya mahitaji: unga, sukari, sabuni. Katika baadhi ya orodha hizo vimeongezeka vidonge vya kuzuia mimba. Jambo hilo tunalipongeza. Uchunguzi wa kaya wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa katika nchi yetu wanawake 2,054 walifariki kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Makadirio ya karibuni yameshuka, lakini tungali miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi vya namna hiyo duniani. Mume amsaidiaye mkewe kupumzika baina ya uzazi mmoja na mwingine anaokoa maisha.

Linalotutia wasiwasi ni jinsi vidonge vinavyopatikana. Mume huonyesha pakiti tupu, muuzaji hutoa nyingine, na mwanamke atakayevimeza hajaonana na mganga wala muuguzi hata mara moja. Mtunza ghala ya silaha hatoi bunduki kwa mtu asiyemwona.

Vidonge tunavyovisema ni vile vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Vilipoidhinishwa Marekani mwaka 1960 kimoja kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Vya leo aghalabu vina 35 au pungufu. Hatari imepungua, haikwisha. Estrojeni huirahisishia damu kuganda, tena yaweza kupandisha presha. Kwa mwanamke mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, ndogo hata kuliko ile ya mimba yenyewe. Lakini mwenye presha ya 160 kwa 100 asipewe kabisa, na kuanzia 140 kwa 90 hushauriwa njia nyingine. Vivyo hivyo aliyewahi kugandwa na damu mguuni au mapafuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mvuta sigara aliyetimiza miaka 35, na mama anyonyeshaye mtoto aliye chini ya miezi sita. Huyu wa mwisho ndiye tunayemhofia zaidi, kwani yumo katika kila nyumba ya kambi. Naye hakosi njia: viko vidonge vya projestini pekee, kijiti na kitanzi.

Tena, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Mke wa askari aliyemo katika matibabu hayo aweza kumeza kila siku na bado akashika mimba. Muuzaji wa kibandani hatamwuliza.

Kipimo cha presha cha mkono hakihitaji umeme, na kazi yake ni ya dakika chache. Tunaziomba zahanati za vikosi zisitoe pakiti ya kwanza kabla ya kukitumia, na tunawaomba makamanda wampe askari ruhusa ya asubuhi moja amsindikize mkewe. Wako watakaocheka kwamba gazeti limeingia chumbani mwao. Wacheke.

Na ambaye amekwisha kuanza, akipatwa na uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, maumivu makali ya kifua, kichwa kikali cha ghafla au kufifia kwa macho, aache vidonge na apelekwe hospitali usiku huo huo, asingoje mume atoke zamu.