Gari Inayomla Mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walipousema msemo huu walimkusudia mwenye duka na mwenye shamba. Leo anayestahili kuusikiliza zaidi ni mwananchi aliyekusanya akiba ya miaka mingi, akaongeza na mkopo, akanunua gari moja ya mizigo na kuiweka bandarini, Malindi au Mkoani, kungojea kazi.

Mtu huyu si tajiri. Mara nyingi ndiye mwenye gari, ndiye karani wake na ndiye anayekwenda mwenyewe kutafuta mzigo. Lakini kazi yake ni kubwa kwa visiwa vyetu. Saruji, unga, mchele na mabati yanayoshushwa bandarini hayana faida kwa mwananchi wa Konde au wa Makunduchi mpaka pawepo wa kuyafikisha. Akifilisika, hafilisiki peke yake. Bei ya mfuko wa unga kijijini hupanda, na ujenzi wa skuli husimama kwa kukosa mawe.

Inasikitisha basi kwamba wengi wa wachukuzi hawa hufilisika bila ya kujua sababu. Husema kazi imekuwa mbaya, au gari ina mkosi. Ukweli ni kwamba hesabu yao ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Na tutazame mfano mmoja. Tarakimu tunazozitoa hapa ni za makisio, kwa ajili ya kufundishia, na kila mwenye gari aweke zake badala yake. Tuseme gari ya tani 7 inabeba mzigo kutoka Mkoani hadi Wete, masafa ya takriban kilomita 60, na inarudi tupu. Jumla ni kilomita 120. Ikiwa gari inakwenda kilomita 4 kwa lita moja ya dizeli, inatumia lita 30. Tukichukua bei ya shilingi 3,000 kwa lita, mafuta yanagharimu shilingi 90,000. Dereva na utingo wanalipwa shilingi 45,000. Mwenye gari anajumlisha, anapata 135,000. Mfanyabiashara anampa shilingi 170,000, naye anarudi nyumbani na 35,000 akiamini kwamba amepata faida.

Hiyo si faida. Mipira sita ya shilingi 500,000 kila mmoja, ikidumu kilomita 40,000, inakula shilingi 75 katika kila kilomita. Safari hii peke yake imekula shilingi 9,000 za mipira. Oili na chujio zikigharimu 250,000 kila baada ya kilomita 5,000, safari inachukua 6,000 nyengine. Matengenezo ya breki, springi na klachi tuyakisie shilingi 100 kwa kilomita, nayo ni 12,000. Bima, leseni na ukaguzi tuseme ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka. Kwa kuwa gari haipati mzigo kila siku, na siku nyengine huwa kwa fundi, tuhesabu siku 200 za kazi. Kila siku ya kazi inapaswa kubeba shilingi 8,000.

Jumlisha 9,000, 6,000, 12,000 na 8,000. Utapata shilingi 35,000 kamili. Zile fedha alizozipeleka nyumbani akidhani ni faida ni mipira yake, oili yake, breki zake na bima yake. Amezila kabla ya siku yake kufika.

Na bado hatujataja jambo kubwa kuliko yote, nalo ni uchakavu. Gari aliyoinunua kwa shilingi milioni 42, ikiwa baada ya miaka 7 itauzika kwa milioni 7, imepoteza milioni 35, yaani milioni 5 kila mwaka au 25,000 kila siku ya kazi. Fedha hizi hazidaiwi na mtu, ndiyo maana husahauliwa. Lakini bandu bandu huisha gogo. Gharama ya kweli ya safari ile ni shilingi 195,000. Aliyepokea 170,000 amepata hasara ya 25,000, na katika siku 200 amepoteza milioni 5. Siku ya kununua gari nyengine ikifika, mkononi hana kitu.

Kujua kiasi cha mafuta si kazi ngumu, wala hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Mwenye gari ajaze tenki mpaka juu, aandike kilomita zilizomo katika mita, afanye kazi yake ya kawaida, kisha ajaze tena mpaka juu na aandike lita zilizoingia. Kilomita alizokwenda azigawe kwa lita hizo. Afanye hivyo kila anapojaza. Tarakimu ikianza kushuka bila ya kazi kubadilika, ama mipira ina upepo mdogo, ama pampu ya mafuta ina ila, ama breki zinashika, ama mafuta yanaondoka kwa njia isiyokuwa ya injini. Daftari litamwambia mapema jambo ambalo fundi angemwambia akiwa amechelewa. Tena asisahau kwamba gari inayonguruma bandarini ikingojea zamu inakula mafuta bila ya kwenda hata hatua moja.

Kuna na suala la bei. Sisi hatuchimbi mafuta tunayotumia. Tunayanunua nje kwa dola, na kila mtikisiko wa dunia unatufikia. Yalitufika mwaka 1973 na 1979. Aprili 2020 pipa la mafuta ghafi ya Brent lilishuka chini ya dola 20, na Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, likapita dola 120. Hapa Zanzibar, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, hutangaza bei za rejareja kila mwezi. Mchukuzi aliyejifunga kwa ujira mmoja wa mwaka mzima amekubali kuubeba mtikisiko huo peke yake.

Lakini tuwe waadilifu kwa pande zote. Katika mfano wetu mafuta ni chini ya nusu ya gharama. Dizeli ikipanda kwa asilimia 10, yaani shilingi 300 kwa lita, safari inaongezeka shilingi 9,000, na jumla inafika 204,000. Hilo ni ongezeko la chini kidogo ya asilimia 5. Kwa hiyo mchukuzi anayepandisha ujira kwa asilimia 10 kwa kisingizio cha mafuta anamdhulumu mnunuzi, na anayekatazwa asipandishe hata senti moja anadhulumiwa yeye. Mwenye daftari anaweza kuonyesha haki yake kwa tarakimu, na asiye nalo atabaki kupiga kelele tu.

Baadhi ya wasomaji watauliza, jambo hili linaihusu nini Serikali? Linaihusu sana. Mchukuzi anayepata hasara bila kujua hutafuta njia ya kujiokoa, na njia iliyo karibu ni kuzidisha mzigo. Gari ya tani 7 hupakiwa tani 10. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake, ekseli ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20 tu, madhara yanakuwa mara mbili. Barabara ikiharibika, springi zinakatika, mipira inapasuka, mafuta yanatumika zaidi, na hasara ile ile inamrudia mchukuzi. Wananchi wote nao wanailipa kwa kodi zao.

Kwa hiyo tuna maneno kwa pande mbili. Wenye magari tunawaambia: andikeni. Kila siku ya kazi tengeni fedha za mipira, za matengenezo na za uchakavu kabla ya kugawana kilichobaki, na fedha hizo zisiwekwe mfuko mmoja na za matumizi ya nyumbani. Tafuteni mzigo wa kurudi. Gari inayokwenda Wete na saruji ikirudi Mkoani na ndizi, hata kwa ujira mdogo, gharama yake huwa imegawanywa kwa safari mbili. Unganeni katika ushirika, mnunue mipira na oili kwa pamoja, na mpeane habari za mizigo badala ya kuteremshiana bei mpaka nyote mnaanguka.

Wakuu wa ofisi za umma nao tunawaambia kwa heshima: zabuni ya bei ya chini kuliko zote si lazima iwe rahisi kuliko zote. Mchukuzi aliyeomba kazi kwa bei isiyorudisha gharama ataiacha njiani, au ataifanya kwa kuvunja sheria ya uzito. Mikataba ya uchukuzi iwe na kifungu kinachopandisha na kuteremsha ujira kwa kufuata bei ya mafuta inayotangazwa, kwa kiwango cha sehemu ya mafuta tu. Na malipo yatoke kwa wakati. Ofisi inapomcheleweshea mtu malipo kwa miezi mitatu, dizeli aliyoitumia alishailipa kwa fedha taslimu au kwa deni, na anayeikopesha ofisi hiyo ni yeye mwenye gari moja.

Hatuombi ruzuku, wala hatuombi bodi mpya. Tunaomba hesabu ifanywe kabla ya mzigo kupakiwa, na ifanywe na pande zote mbili, mwenye gari na mwenye mzigo, wakiwa na tarakimu zile zile mezani.