Umefunga koilova? Kazi ndiyo imeanza

Najua unavyojisikia ukitoka gereji na Subaru Impreza yako imelala chini, tairi karibu ziguse bodi. Unapiga picha, unawarushia wasee kwenye grupu, sifa zinamiminika. Hongera. Lakini wacha nikuambie ukweli: hilo gari bado halijamalizwa.

Mimi nilijifunza kwa mfuko. Nilifunga koilova, zile shokabsoba unazopandisha na kushusha kwa spana, fundi akaniambia, "Iko sawa, bro, enda nayo." Sikupima chochote. Wiki chache baadaye tairi za mbele zilikuwa zimelika kwa ndani hadi waya zinachungulia, na kwa nje zinakaa mpya. Niligundua siku mvua iliponyesha Thika Road, gari likateleza nikiwa nimebeba marafiki watatu. Hatukugonga mtu. Hiyo ilikuwa bahati, si ustadi wangu.

Ukishusha gari, pembe za magurudumu hubadilika. Tairi huinama kwa ndani upande wa juu, na pia zinaweza kuacha kwenda sambamba, kila moja ikivuta upande wake. Kuinama kidogo husaidia kwenye kona. Kutokwenda sambamba ndiko kunakula mpira upesi.

Basi fanya hivi. Egesha mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Usiamini macho.

Hakikisha boliti za bushi zinakazwa gari likiwa limekalia tairi zake. Zikikazwa likining'inia kwenye jeki, mpira wa bushi hujipinda ukilishusha, na utapasuka mapema.

Kama koilova zako zina kitufe cha kukaza na kulegeza, anzia katikati, na kushoto kulingane na kulia. Usikaze hadi mwisho eti ndiyo sporti. Kwa hizi barabara zetu za matuta na mashimo, gari gumu kupita kiasi hurukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki kona wala breki.

Endesha siku chache springi zitulie, pima tena, halafu peleka gari alainimenti ya mashine. Itisha karatasi ya vipimo, uisome. Na urekebishe taa za mbele pia, kwa sababu pua ikishuka, mwanga nao unashuka.

Utaniambia hiyo yote ni doo. Kweli. Lakini kama ulikuwa na pesa ya vipuri, ukakosa ya kuvirekebisha, basi hukuwa na pesa ya hiyo kazi. Ngoja. Shokabsoba za kiwandani zikiwa nzima, na alainimenti iko sawa, zitashika barabara kuliko koilova za bei zilizofungwa kiholela.

Sipingi kushusha gari. Langu bado liko chini, ila sasa najua kila gurudumu linaelekea wapi. Wewe unajua la kwako? Fikiria hilo kabla hujabeba watu, maana wanaoketi nyuma hawakuulizwa gari lishushwe inchi ngapi.