Mafuta yapo tenkini, injini imezima!

Wiki iliyopita tuliongea mambo ya mapenzi na wapo walionuna. Basi leo wapumzike, tunapaa angani.

Sisi watu wa Kilosa tuna bahati moja. Ukitaka kwenda Mikumi, njiani unapita Ulaya. Usicheke, ndivyo panavyoitwa, na viza haihitajiki. Ukifika Mikumi, ndani ya hifadhi pale Kikoboga, kuna kiwanja kidogo cha ndege. Watalii wanashuka, twiga wanatazama. Kijiweni kwetu kila kindege kikikatiza juu linazuka swali lile lile: "Hivi kile kikiishiwa mafuta huko juu kinapaki wapi?"

Jibu ni kwamba hakipaki, kinashuka. Rubani anakitelezesha kama mwewe aliyetanua mbawa, huku akitafuta mahali pa wazi. Kwa upande wa Mikumi mahali pa wazi ni uwanda wa Mkata, ambako mwenyeji wa kwanza kukupokea anaweza kuwa simba. Karibu nyumbani!

Lakini ngoja nikupe siri moja. Si kila injini inayozima kwa kukosa mafuta ina tenki tupu. Mafuta kuwepo tenkini ni jambo moja, kufika kwenye injini ni jambo lingine kabisa. Kati ya hapo na hapo kuna safari, na safari hiyo ina vizuizi kama barabara yetu wakati wa masika.

Tuchukue ndege ndogo kuliko zote, ile nyepesi ya mtu mmoja au wawili, mbawa zake kitambaa kilichovutwa juu ya mabomba. Katika hifadhi za Afrika ndege za namna hii hutumika hata kuwasaka majangili. Nyingi zinatumia injini za Rotax kutoka Austria. Zile za zamani, kama Rotax 503 na 582, ni ndugu wa msumeno wa mashine wa kupasulia mbao kuliko ndugu wa Boeing. Zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili: sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Maana yake lita 20 za petroli zinatiwa mililita 400 za oili. Ukibania oili, pistoni inanata na mchezo umekwisha. Ukizidisha, plagi inajaa masizi. Hakuna kukadiria kwa jicho kama mama ntilie anavyotia chumvi.

Sasa tufuate tone moja la petroli. Linatoka tenkini, linapita kwenye koki, linachujwa kwenye filta, linafika kwenye pampu, halafu kwenye kabureta. Mbona pikipiki nyingi hazina pampu? Kwa sababu tenki la pikipiki liko juu ya kabureta, mafuta yanashuka yenyewe. Kwenye ndege nyingi nyepesi tenki liko chini au nyuma ya kiti, injini iko juu. Mafuta hayapandi mlima kwa hiari, lazima yasukumwe.

Pampu yenyewe ni ya ajabu, haina umeme. Ndani yake kuna utando mwembamba, na kuna mpira unaotoka tumboni mwa injini. Pistoni ikipanda na kushuka, hewa inavuta na kusukuma ule utando, na mafuta yanakwenda mbele. Mpira ule ukipasuka kidogo tu, pampu inakosa nguvu. Ndiyo maana ndege nyingi zina pia pampu ya mkono, kibofu cha mpira cha kuminya kabla ya kuwasha. Wavuvi wa Pwani wanakijua, ni kile kile cha mashine ya boti.

Kwenye kabureta kuna boya, kazi yake kama boya la tenki la choo cha kuvuta. Mafuta yakijaa linapanda na kufunga mlango, yakipungua linashuka na kufungua. Uchafu mdogo kama punje ya mchanga ukikaa mlangoni, ama injini inafurika ama inakufa njaa. Na mpira wa mafuta ukipita karibu na ekzosi, petroli inachemka humo humo, mvuke unaziba njia. Tenki limejaa, injini ina kiu.

Lakini kinachonishangaza kuliko vyote ni kitundu. Ndiyo, kitundu cha kupumulia cha tenki. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kitundu kikiziba, tenki linajivuta lenyewe kwa ndani na mafuta yanagoma kutoka. Jaribu kumimina maji kutoka kwenye dumu lililojaa lenye mdomo mmoja mdogo. Utaona linavyolia "glu glu" likitafuta hewa.

Unadhani ni jambo dogo? Muulize Beryl Markham, kama angekuwa hai. Huyu mama alizaliwa Uingereza, akakulia Njoro, Kenya, na Kiswahili alikijua. Tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akivuka bahari ya Atlantiki kwenda New York. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo peke yake kutokea Uingereza. Alivuka kweli, lakini New York hakufika. Barafu iliziba vitundu vya kupumulia vya matenki, injini ikakosa mafuta, akaanguka kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada. Alitoka hai. Bahari nzima hakuishindwa, ila kitundu!

Sasa rudi huku kwetu. Jirani yangu mmoja ni dereva wa bodaboda. Usiku wa masika alimpakia mama mjamzito kutoka upande wa Ulaya, anamkimbiza hospitali Kilosa. Katikati ya pori pikipiki ikakohoa, ikazima. Akafungua mfuniko kuchungulia, petroli nusu tenki. Akafunga, akapiga kiki, ikawaka. Kilomita chache mbele, ikazima tena. Akafungua, akafunga, ikawaka. Mama wa watu analia, jirani yangu kashaanza kuhesabu ni nani kijijini aliyemroga.

Walifika, na mtoto alizaliwa hatua chache kutoka getini, mzima. Asubuhi jamaa akaenda kwa fundi.

"Shikamoo fundi. Hii pikipiki ina shetani."

"Marahaba mwanangu. Shetani ni matope. Kila ukifungua mfuniko unaipa pumzi, ukifunga unaikaba."

Akachukua waya mwembamba, akazibua kitundu cha mfuniko. Gharama yake shukrani tu. Fikiria, maisha mawili yalining'inia kwenye kitundu kisichopita hata kiberiti.

Adui mwingine ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama chini ya tenki, pale pale mafuta yanapovutwa. Na si lazima mtu ayamwage. Tenki likilala nusu tupu usiku wa baridi, hewa ya ndani inatoa umande. Rubani makini anajaza jioni, na asubuhi kabla ya kuruka anachota kidogo kutoka chini ya tenki kwa chombo cheupe kinachopitisha mwanga. Akiona vidonge vya maji vimetulia chini, anaendelea kumwaga mpaka yaishe. Haruki kwa kusema "Mungu atasaidia". Tena anaweka akiba ya angalau nusu saa ya kuruka mchana, ambayo haiguswi hata kwa bahati mbaya ya kupotea njia.

Na ile petroli ya chupa za maji inayouzwa vijijini? Nayo ina siri zake. Uchakachuaji wa kutia mafuta ya taa tunaujua, na EWURA ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo hiyo. Injini haijui kulalamika, inagonga tu mpaka siku inapokata tamaa.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye bodaboda, fanya kama rubani. Zibua kitundu cha mfuniko. Badilisha filta kabla haijaziba. Pinda mpira wa mafuta kwa vidole, ukiona nyufa utupe. Mwaga maji yaliyotuama chini ya kabureta, ila mbali na sigara na jiko. Wewe ukizima, unasimama pembeni ya barabara na kupiga simu. Mwenzako wa angani hana pembeni.

Lakini yule uliyempakia nyuma, usiku, na uchungu umeshika, naye hana pembeni. Tukutane wiki ijayo, na walionuna wiki iliyopita wajiandae, mapenzi yanarudi.