Mkataba Ukaguliwe Kabla Wino Haujakauka

Kila mwaka unapokaribia msimu wa bajeti, Wabunge wa Jamhuri ya Muungano hukusanyika Dodoma na Wawakilishi wetu hujiandaa kwa kikao cha Baraza lao hapa Visiwani, na mjadala hurejea ule ule. Kamati inayosimamia barabara hutaka barabara zitangulie. Inayosimamia afya hutaka hospitali. Inayosimamia nishati hutaka mitambo. Na Kamati ya Bajeti huzikumbusha zote kuwa kibindo ni kimoja. Nyuma yao huja kamati za hesabu, zikiwa zimebeba majalada ya fedha zilizokwisha kutumika, kuuliza zilikwenda wapi. Hapo ndipo kamati huanza kugombea mipaka: hili ni letu, lile ni lenu, na ninyi mmeingilia kazi isiyokuwa yenu.

Hatusemi kuwa ni vibaya kamati zikitofautiana. Wajenga nyumba moja wasigombee fito, lakini hawakukatazwa kuulizana iwapo nguzo imesimama wima. Tunalolitilia shaka ni jingine. Ugomvi wa nani akague umekuwa ukifunika swali lililo kubwa zaidi, nalo ni kukagua lini. Mkataba wa Serikali ukikaguliwa baada ya kutiwa saini, mara nyingi kamati haikagui tena mkataba, bali inahesabu hasara.

Tuchukue mfano ambao kila mtumishi wa Serikali anaujua. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kuzalishia umeme, Mtera likiwa mojawapo, na nchi ikaingia katika mgawo. Serikali ikatafuta mitambo ya kukodi ya megawati 100. Tarehe 23 Juni 2006, Shirika la Umeme, TANESCO, lilitia saini mkataba na kampuni ya Richmond Development ya Houston, Marekani. Kampuni hiyo haikuleta mitambo kwa wakati, na kabla ya mwaka kwisha mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Dharura ndiyo iliyokuwa hoja ya kuharakisha. Lakini mitambo ilipokamilika, mvua zilikuwa zimekwisha kurudi.

Kamati ya Kudumu ya Uwekezaji na Biashara, chini ya William Shellukindo, ndiyo iliyosisitiza kuwa jambo hili lichunguzwe, ingawa chombo cha kupambana na rushwa kilikuwa kimekwisha kutoa taarifa mwaka 2007 kwamba hakikuona rushwa. Novemba 2007 Bunge likaunda Kamati Teule ya watu watano chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na miongoni mwao alikuwamo Mbunge wa Mkanyageni, Pemba, Mohamed Habib Mnyaa, wa upinzani. Taarifa yao ilisomwa tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akatangaza kujiuzulu, na mawaziri wawili wakafuata. Baraza la Mawaziri likavunjika.

Watu wengi waliishangilia siku ile kuwa ni ushindi wa Bunge, nasi hatuikatai sifa hiyo. Lakini yafaa tuulize ushindi huo ulirudisha nini. Mkataba ulivunjwa mwaka 2008. Dowans wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Na mwezi Novemba 2010 TANESCO ikaamriwa ilipe takribani shilingi bilioni 94. Bunge lilikuwa limewaangusha wakubwa, lakini halikuwa limeiangusha karatasi. Saini ya mtu mwenye mamlaka huifunga nchi hata baada ya mtu huyo kuondoka ofisini.

Liko na jambo la pili la kuzingatia. Aliyekuwa Waziri Mkuu alilalamika mbele ya Bunge kwamba Kamati Teule haikumwita ajieleze. Msomaji anaweza kumwamini au asimwamini. Lakini lalamiko lenyewe linaonyesha kuwa ukaguzi ukichelewa, hugeuka kesi ya watu. Anayeshitakiwa hujitetea, rafiki zake humtetea, mahasimu wake hupata nafasi, na maneno ya mkataba wenyewe, ambayo ndiyo yanayokula fedha, husahaulika mezani.

Sisi wa Visiwani tusidhani kuwa hayo ni mambo ya Bara peke yake. Unguja hupata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka katika gridi hiyo hiyo. Mwezi Mei 2008, miezi mitatu tu baada ya tufani ile ya Dodoma, Unguja iliingia gizani kwa takribani mwezi mmoja. Na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena kwa takribani miezi mitatu. Chanzo hakikuwa Richmond. Ilikuwa ni hitilafu katika njia ya umeme iliyokuwa imezeeka, iliyojengwa mwaka 1980. Tunayataja mawili haya pamoja kwa sababu yanatufunza somo moja. Huku fedha na fikra za wakubwa zikimezwa na mkataba wa dharura, kazi isiyo na shamrashamra, ya kubadilisha waya kabla haujakatika, haikuwa na kamati ya kuipigia kelele. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kukamilika mwaka 2013, kwa msaada wa Marekani. Vipaumbele visipopangwa na sisi wenyewe, hupangwa na ajali.

Je, baada ya Richmond tulijifunza? Yaliyofuata hayaonyeshi hivyo. Mwezi Julai 2012 Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Nishati na Madini, kufuatia tuhuma kwamba baadhi ya wajumbe wake walihongwa katika mambo ya manunuzi ya umeme. Mwaka 2013 Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma ikafutwa na kazi yake ikaunganishwa na Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwaka huo huo ikazaliwa Kamati ya Bajeti. Mwaka 2016 mashirika yakatengewa tena jicho jingine, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Kuvunja, kuunganisha na kutenganisha: meza zimehamishwa mara nyingi, lakini saa ya ukaguzi imebaki pale pale.

Mwezi Novemba 2014 likaja suala la akaunti ya Tegeta Escrow. Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilisoma taarifa juu ya fedha zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na kampuni ya IPTL, ambazo zilikwisha kutolewa mwaka 2013. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu. Na katika maazimio ya Bunge limo moja la kutia simanzi: wenyeviti wa kamati za kudumu waliotajwa katika sakata hilo waondolewe katika viti vyao. Mlinzi akitajwa pamoja na mali iliyopotea, mwenye nyumba amwamini nani? Na tusisahau kuwa mzizi wa mgogoro ule ulikuwa ni mkataba wa mwaka 1995. Karibu miaka 20 ilipita tangu saini hadi siku ya hukumu ya Bunge.

Hata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ndiye jicho la kamati hizi, hakuepuka mivutano. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, kwa sababu alilitaja Bunge kuwa lina udhaifu. Mwezi Novemba mwaka huo alitoka ofisini, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuwa kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Mwenye kutaka kuona vizuri havunji miwani yake.

Sasa tupige hesabu ndogo. Mwaka wa fedha huanza Julai na kwisha Juni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hufika kwa Rais mwezi Machi unaofuata, kisha hupelekwa Bungeni. Basi mkataba uliotiwa saini mwezi wa kwanza wa mwaka wa fedha huonekana katika ripoti baada ya miezi 20, na kamati huujadili baadaye zaidi. Kwa muda huo mkandarasi amekwisha kulipwa malipo ya awali, vifaa vimeagizwa, na ofisa aliyeidhinisha pengine amehamishwa au amestaafu. Kamati inamwita mrithi wake, naye hujibu, kwa haki, kuwa hakuwapo.

Wapo maofisa watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kuwa kazi ya Bunge ni kusimamia Serikali, wala si kutia saini pamoja nayo. Kwamba mwenye kushiriki kuamua hawezi kesho kuhukumu. Ni kweli. Lakini kusoma si kuamua. Kamati inaweza kupewa mkataba wa thamani kubwa isome, iulize na kuandika maoni yake, huku saini na lawama zikibaki kwa waziri. Maoni hayo yakipuuzwa, yatakuwa ushahidi; yakifuatwa, yatakuwa kinga.

Watasema pia kuwa biashara ina siri zake. Nayo ni kweli kabla zabuni haijafungwa. Lakini mshindi akishapatikana, siri iliyobaki ni dhidi ya nani? Sheria ya mwaka 2017 imekwisha kuliruhusu Bunge kupitia mikataba ya mali asilia yenye masharti hasi. Kama dhahabu na gesi zinaweza kujadiliwa, kwa nini isiwe meli, hospitali na mitambo? Na watasema dharura haisubiri. Tunajibu kwamba Richmond ilikuwa dharura.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu, badala ya kuongeza kamati nyingine. Kamati ya sekta ithibitishe kwanza kuwa kitu kinahitajika na kiko katika mpango. Kamati ya Bajeti ithibitishe kuwa fedha ipo, pamoja na malipo ya miaka ijayo, hasa yale yanayodaiwa hata mtambo usipowashwa. Mkataba wenye kuifunga nchi kwa miaka mingi usomwe na wajumbe kabla ya saini. Ununuzi wa dharura utolewe taarifa kwa kamati katika siku zinazohesabika, wala usingoje ripoti ya mwaka. Mjumbe mwenye maslahi aseme na atoke chumbani. Na Serikali ipewe tarehe ya kujibu kila azimio. Azimio lisilo na tarehe ni mawaidha tu.

Haya tunayaelekeza pia kwa Baraza letu la Wawakilishi. Zanzibar ina Mkaguzi wake, ina kamati yake ya hesabu, na ina sheria yake ya ununuzi ya mwaka 2016. Bajeti yetu ni ndogo kuliko ya Muungano. Basi shimo ambalo Bara huliita hasara, kwetu ni skuli zisizojengwa na vituo vya afya visivyo na dawa. Mkaazi wa Micheweni au Makunduchi hajali kamati ipi iliyokagua. Hujali kama gati imejengwa kwa bei yake na kama meli inafika.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu katika Chama. Wako wanaodhani kuwa mjumbe anayeuliza maswali magumu kuhusu mkataba anawafurahisha wapinzani. Taarifa ya Richmond ilisomwa na mjumbe wa chama kinachotawala, na chama hicho hakikufa kwa kusomewa. Madaraka ni amana, na amana hudaiwa hesabu. Utii kwa Chama haujawahi kuwa na maana ya kufumba macho mbele ya kapu linalovuja. Aliye mtiifu kweli huliziba kabla chakula hakijamwagika chote.

Kamati zetu zina uwezo, na zimeuonyesha zaidi ya mara moja. Zipewe karatasi mapema.