Mhakiki Asiye na Kifaa Mezani

Kuna tabia imeota mizizi kwetu tunaoandika. Mhakiki akileta mapendekezo, ama tunanuna, ama tunaitikia "sawa mkuu" kwa kila kitu. Zote mbili nazipinga, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo wapenzi wa riwaya hamtembelei sana: kerneli ya Linux.

Huko, anayeandika kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa fulani, hutuma kiraka chake kwa barua pepe. Majibu hurudi yamepachikwa katikati ya mistari yake. Jongeza kwa tabu ya nafasi nane (ndiyo, inaitwa tabu, na ni tabu kweli). Mstari huu mrefu. Ukomo ulikuwa herufi 80, na mwaka 2020 skripti ya ukaguzi ikalegezwa hadi 100. Futa kigeu hiki, hakitumiki.

Hapo kwenye "hakitumiki" ndipo ugomvi wangu ulipo. Kuna vifaa ambavyo kule kusoma tu rejista ya hali ndiko kunakozima ishara ya kifaa inayoomba kuhudumiwa. Msimbo unasoma, kisha unatupa jibu. Kwa macho ya msafishaji, huo ni uchafu. Akifuta kigeu pamoja na usomaji wake, kifaa kinaendelea kupiga hodi ileile bila kukoma. Na jamani, mara nyingi msafishaji hana hicho kifaa mezani!

Mnadhani natia chumvi? Mwaka 2006, si kwenye kerneli bali kwenye OpenSSL ya Debian, mistari miwili iliondolewa kwa sababu chombo cha ukaguzi kiliilalamikia. Kubahatisha kote kunakozaa funguo za siri kukabaki kunategemea namba ya mchakato tu, ambayo wakati huo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Iligundulika Mei 2008. Muda wote huo watu walifunga milango kwa funguo zinazokisika.

Lakini anayenuna naye simtetei. Kama mstari unaonekana wa bure, mhakiki hakukosea kuuliza; mbona hukuandika maelezo juu yake? Jibu zuri halisemi "wewe hujui vifaa". Linasema: nafasi nimerekebisha, jina nimebadilisha, usomaji huu unabaki kwa sababu hii, na sababu nimeiandika palepale kwenye msimbo ili wa kesho asiufute. Kisha toleo la pili linatumwa, na chini ya vistari vitatu mwandishi anataja alichobadilisha.

Mimi mhariri mmoja aliwahi kunifutia neno "inadaiwa" kwenye habari ya mahakamani, eti sentensi ipumue. Nikaandika "sawa mkuu". Kesho yake asubuhi simu ya wakili wa mtuhumiwa niliipokea mimi, si yeye.